Viziwi wameniita Kamera, na tasnifu imekwama

Mwalimu, hujambo?

Pokea salamu kutoka Manyatta, Kisumu, nyumbani kwa mama. Nimerudi kwa wiki tano za kukusanya data. Wiki ya pili inakwisha na sijarekodi hata dakika moja.

Niko mwaka wa tatu wa uzamifu katika chuo kimoja Ulaya. Utafiti wangu ni wa tafsiri ya mashine: kuifunza kompyuta itazame video ya mtu anayeongea kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, kisha itoe sentensi ya Kiswahili. Kwenye pendekezo niliahidi kwamba mwaka huu programu itakuwa kwenye simu, kiziwi anaashiria, simu inatamka. Ahadi hiyo niliiandika usiku mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, na unajua ahadi za usiku huo zilivyo.

Mada nilichagua kwa ajili ya mdogo wangu. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi akiwa mtoto. Alipokuwa akitoka shule ya bweni likizo, mimi ndiye niliyekaa naye uani akanifundisha ishara. Wengine nyumbani wanajua "kula", "njoo" na "lala", yaliyobaki ni kunyoosha kidole. Leo ana miaka 27, ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha karibu na soko la Kibuye, na kazi yake inasifiwa.

Mwaka jana nilirekodi watu 14 katika ukumbi wa kanisa moja ambamo viziwi hukutana Jumapili alasiri. Nilipata saa tisa hivi za video. Kila mmoja alipata soda, mandazi na nauli. Kisha mdogo wangu akanisaidia kuandika glosi, yaani kila ishara kuipa neno moja la herufi kubwa ili kompyuta ipate pa kushika. Tulifanya hivyo miezi sita, jioni baada ya kazi yake, kwa simu ya video nilipokuwa nimerudi chuoni. Nilikuwa namtumia bando.

Kamati ya maadili ya chuo ilitaka nyuso zifunikwe ukungu. Nilizifunika siku ile ile, halafu ndipo nikachota nukta za mikono na mwili za kufunzia modeli. Matokeo: alama 3 kati ya 100 kwa BLEU, kipimo cha ubora wa tafsiri ya mashine.

Jumapili iliyopita niliona nianze kwa kuwaonyesha kazi ilikofika. Ukumbi ni ule ule, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka ikitaka. Kijana mmoja anayesikia nilimweka nyuma ya meza na pakiti tupu za dawa, awe muuza duka la dawa. Mama mmoja fundi cherehani, ambaye ni kati ya wale 14, akaja kama mteja. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Akaashiria maneno mawili tu, DAWA na KWISHA, nyusi zimepanda, kichwa kimesogea mbele kidogo, macho kwa muuzaji. Anauliza. Simu ikafikiri, kisha ikasema kwa ile sauti yake ya tangazo la benki: "Dawa imeisha."

Kijana akajibu, "Pole, mama," akaanza kupanga pakiti zake.

Mama akarudia, nyusi juu zaidi. Simu ikarudia vile vile. "Pole, mama." Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Akanigeukia: "Mwaka jana ulinirekodi asubuhi nzima. Humo ndani niko wapi?" Sikuwa na jibu. Mzee wao akasimama, akasema hakuna kurekodi tena mpaka video za kwanza zirudi.

Nikiwa nakunja waya nikaona jambo jingine. Wewe unajua viziwi humpa mtu ishara yake badala ya jina. Yangu, tangu nikiwa msichana, ilikuwa kidole kinachochimba shavuni, kwa ajili ya kishimo nilicho nacho. Siku ile wasichana wawili walinitaja, na hawakugusa shavu. Waliinua mkono mbele ya jicho, kidole kikabonyeza. Kamera.

Mdogo wangu naye amegoma. Nilipomwuliza, aliniambia hivi: "Mashine yako inachukua maneno yangu inawapelekea nyinyi. Juzi kwenye matanga ya mjomba watu walicheka mpaka machozi. Nilikuuliza wanacheka nini. Ukasema, nitakuambia baadaye." Ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nahamisha video kutoka kwenye kadi. Mama anasema namwonea mtoto wake, fundi wa watu anafungiwa chumbani jioni nzima bila hata shilingi.

Msimamizi wangu amenipa njia mbili. Ama nipunguze mada iwe sentensi 200 za zahanati, alama zipande, nimalize mwaka ujao. Ama niiache lugha yetu nitumie video za Kijerumani ambazo ziko tayari. Mwalimu, nikubali ipi? Na hawa watu nitawarudiaje?

Mtafiti Aliyekwama, Manyatta

JIBU

Nyar Kisumu, binti wa Kisumu, salamu nimezipokea.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale dukani kwenye pakiti tupu. Hebu chukua karatasi uandike sentensi ambayo simu ilipaswa kutoa: Dawa imeisha? Chini yake andika iliyotoa: Dawa imeisha. Umeona? Maneno ni yale yale. Kiswahili kina "je", lakini nani anaingia dukani akasema "je, dawa imeisha"? Tunapandisha sauti mwishoni, basi, mwenye duka ameelewa. Sasa kile kipimo chako, BLEU, ambacho kilitolewa mwaka 2002 kwa ajili ya tafsiri za maandishi, kazi yake ni kuhesabu maneno na vipande vya maneno vinavyofanana na tafsiri ya binadamu. Wengi wakisafisha data huondoa pia alama za kuakifisha. Kwa hiyo kosa lile lililochekwa na ukumbi mzima, na kumnyima mama yule jibu lake mara mbili, kwenye jedwali lako lingehesabiwa kuwa sawa kabisa.

Hilo peke yake ni sura nzima ya tasnifu, na umelipata kwa bei ya chupa ya maji. Mtu aliyeko Ulaya na video za Kijerumani asingelipata, kwa sababu Kijerumani hubadilisha mpangilio wa maneno kikiuliza. Ni Kiswahili kinachoacha swali zima likae kwenye sauti, na ni ishara zinazoliweka kwenye nyusi. Nyusi za yule mama ndiyo sauti inayopanda. Modeli yako ilimziba sauti, kisha ikasoma mikono yake kama mtu asomaye telegramu.

Aliyemziba ni wewe na kamati yako, mkiwa na nia njema. Kamati ilitaka kumlinda asitambulike. Lakini katika lugha za ishara uso ni sehemu ya sarufi: nyusi, mashavu, mdomo, kutikisa kichwa kukanusha. Ukimfunika uso umemlinda kwa kumkata kauli. Programu za kusoma mwili kwenye video, kama MediaPipe, hutoa nukta 21 kwa kila mkono, na nukta 468 kwa uso. Wewe ulichota baada ya kuweka ukungu, ukabaki na mikono na kiwiliwili. Unakumbuka mwaka 2016, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani waliposhinda dola 10,000 kwa glavu za kutafsiri ishara? Magazeti yalishangilia. Viziwi wakasema, lugha yetu haiko kwenye glavu, mbona hamkutuuliza? Wewe umetengeneza glavu bila glavu. Usijilaumu kupita kiasi, kwa maana hata William Stokoe, ambaye mwaka 1960 alitoa uchambuzi uliowafanya wanaisimu wakubali kwamba ishara za Marekani ni lugha kamili, alianzia kwenye mikono: umbo, mahali, mwendo. Uso ulipewa uzito wake na waliomfuata. Ila wewe una zaidi ya miaka 60 ya kujifunza kutoka kwake.

Dawa yake kiufundi ni nyepesi, kama video ghafi bado unazo. Chota nukta za uso kutoka video zisizofunikwa, kisha ndipo ufunike zile utakazoonyesha watu. Lakini usiguse hata moja kabla hujaomba ridhaa upya, kwa sababu waliyotia sahihi mwaka jana ilisema uso hautatumika. Na ridhaa hiyo usiilete kwa karatasi. Nina hakika fomu yako ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, aya ya tatu ina maneno "kwa mujibu wa". Ieleze kwa ishara, kwa video, na aeleze kiziwi mwenzao. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua data yake inafanya nini na ya kuondoa ridhaa. Yule mama aliyekuuliza "humo ndani niko wapi" ameuliza swali la kisheria kwa lugha safi kuliko wakili.

Nije kwenye glosi, kwa sababu hapo ndipo ulipompotezea ndugu yako miezi sita. Mtu anaashiria kwamba daktari alimpa mama dawa. Daktari amemweka kulia, mama kushoto, kisha mkono wa KUPA unasafiri kutoka kulia kwenda kushoto. Glosi yako inasema: DAKTARI MAMA DAWA KUPA. Safari ya mkono imepotea. Angesafirisha upande wa pili, mama ndiye angekuwa ametoa, na glosi ingekuwa karibu ile ile. Tazama Kiswahili chenyewe sasa: a-li-m-pa. Nani ametoa na nani amepokea, vyote vimebanwa ndani ya kitenzi, kama kule kwenye mkono. Alinipa, nilimpa, walitupa. Tuna lugha mbili zinazofanya mtendaji na mtendewa wakae ndani ya kitenzi, moja kwa viambishi na nyingine kwa mwelekeo, na sisi katikati yake tumeweka daraja la herufi kubwa lililoazimwa kwa watu ambao kitenzi chao hakifanyi hivyo. Kama mwaka uliobaki ungeutumia kwa vitenzi vya aina hiyo tu, kuona kama modeli inaweza kuutoa mwelekeo wa mkono ikauweka kwenye kiambishi, ningeketi mstari wa mbele siku ya utetezi wako.

Na ukipima, usipime kwa BLEU peke yake. Modeli ikitoa "hakunipa" palipotakiwa "hajanipa", BLEU inaona neno zima limekosewa. Kuna kipimo cha chrF, cha mwaka 2015, kinachohesabu vipande vya herufi, na kwa lugha ya viambishi kama yetu kinatenda haki zaidi. Nyusi hakitaziona hicho pia. Kwa nyusi unahitaji watu.

Watu gani? Hapa pana shimo ambalo hukulitaja, sijui kama umeliona. Watahiniwa viziwi nchini hufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Mdogo wako ana kila sababu ya kutojua kusoma Kiswahili, na wengi wa wale 14 vile vile. Umewapa mashine inayowasemea kwa lugha wasiyoweza kuikagua! Mama fundi cherehani aligundua kosa kwa kutazama uso wa kijana, hakuligundua kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo jaribio lako la kweli ni kama lile la Jumapili: sentensi inatoka, mkalimani ambaye hakumwona mwashiriaji anairudisha kwa ishara, na mwenyewe anasema kama ndicho alichosema. Linachosha na ni ghali. Lifanye hata kwa sentensi 50.

Msimamizi wako nisimpake matope. Alama 3 si aibu. Mwaka 2022, katika WMT, mashindano ya kitaaluma ya tafsiri ya mashine, timu za watu wazoefu zilitafsiri ishara za Uswisi kwenda Kijerumani, na hakuna iliyofika alama 1. Zile alama nzuri unazosoma, 18 na zaidi, chimbuko lake ni video za utabiri wa hali ya hewa za runinga ya Ujerumani ya PHOENIX, watu tisa, ishara elfu moja hivi, mvua, upepo, kesho jua. Utafiti wa mwaka 2018 uliotangaza tafsiri hiyo ulikuwa mkubwa kweli, siubezi. Lakini mtu akikuambia mashine sasa inaelewa ishara, mwulize kama inaelewa lolote baada ya mvua kukatika.

Kupunguza mada, basi, si dhambi. Ninachokataa ni zahanati. Zahanati ndipo kosa la nyusi linapompeleka mtu nyumbani na dawa asiyoihitaji, na ndipo mahali ambapo mkalimani wa kweli anatakiwa kuwepo. Ukiweka simu pale, msimamizi wa hospitali atasema mkalimani wa nini tena. Waulize watu wenyewe wachague uwanja. Huenda wakasema soko, huenda wakasema kikao cha chama, huenda wakasema hakuna. Na ukishapunguza, andika kwenye kichwa cha tasnifu kwamba umepunguza. Video za Kijerumani ziazime kwa kufanyia majaribio ya kwanza kama ukipenda, lakini usihamie huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno wamekuwa wakikusanya sentensi na video za lugha yetu ya ishara kwa ajili ya akili unde; matatu ya Luanda inakushusha hapo langoni. Kabla hujarekodi mtu wa 15, nenda ukaone wenzako wana nini. Pia uandike kila mmoja wa wale 14 alisomea shule gani. Aliyekulia Nyangoma na aliyekulia Mumias, shule zote mbili za viziwi za tangu 1961, hawatakosa ishara za kubishania, na modeli yako isidhani mmoja wao amekosea.

Sasa yule mzee aliyesimama.

Miaka ya tisini nilizunguka vijiji vya Webuye na kinasa sauti, nikikusanya Lubukusu cha wazee. Bibi mmoja aliniimbia na kunisimulia siku nzima, kaseti tatu, akanichinjia na kuku. Nilimwahidi nakala. Nilirudi baada ya miaka 11 kwa shughuli nyingine kabisa, nikakutana na mjukuu wake sokoni. Alinijua kabla sijamjua. Hakunilaumu, aliniuliza tu, "Ile sauti ya kukhu, bibi yangu, bado unayo?" Kaseti zilikuwa kwenye kabati la idara, na kabati lilikuwa limeingia maji. Nimeandika makala mbili kutokana na kaseti zile. Bado ziko kwenye wasifu wangu.

Basi mzee amekuokoa. Rudisha video wiki hii, kila mtu yake, kwenye kadi au simu yake, na kwa ukumbi wote wale waliokubali zionekane na wote. Watazame pamoja. Mtu akisema "hiyo yangu ifute", futa mbele yake. Usirekodi watakavyozitazama, hata kama utaona mambo ya ajabu ya kiisimu, na utayaona.

Mdogo wako umlipe. Kokotoa saa za miezi sita, ulizia wakalimani wa Kisumu wanalipwa vipi kwa saa, mwandikie msimamizi kwamba kuna msaidizi wa utafiti ambaye hajalipwa. Msimamizi akisema bajeti imefungwa, toa kwenye posho yako kidogo kidogo. Soda na mandazi ni za mgeni, na aliyeandika glosi za saa tisa ni mfanyakazi. Jina lake liwe kwenye makala kama mwandishi, akitaka. Asipotaka, usimbembeleze.

Lakini hela hazitamrudisha, na nadhani unalijua hilo. Alichokuambia kuhusu matanga ndicho kilichonifanya nichague barua yako. Mradi mzima umejengwa ukielekea upande mmoja: kiziwi aeleweke kwa wanaosikia. Yeye alitaka upande wa pili, kicheko kimfikie. Kwa hilo modeli haipo, na hata ingekuwepo, kichekesho cha matangani kikichelewa sekunde kumi si kichekesho tena. Alikuwa na mkalimani mmoja tu kwenye ukoo mzima, na siku ile mkalimani alikuwa akihamisha mafaili. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inasema Bunge lina lugha rasmi tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo bungeni mdogo wako ana lugha. Mezani kwa mama yake ana "kula", "njoo" na "lala".

Mama anayekuambia unamwonea mtoto wake, mwambie kwa heshima zote kwamba wiki tatu zilizobaki jioni mtakaa uani, yeye, wajomba watakaokubali, na wewe, na mwalimu atakuwa fundi wa madirisha. Ishara 10 kila siku. Mama atalalamika vidole vinauma. Mwache alalamike, ila amwulize mwanawe namna ya kulalamika kwa ishara. Na kile kicheko cha matangani, kama bado unakumbuka kilihusu nini, mwambie leo. Kitakuwa kimechacha, lakini mwambie.

Jina lako la Kamera usiwaombe walibadilishe. Jina la ishara hutolewa na wenyewe, wakiona sababu ya kulibadilisha watalibadilisha, wasipoiona utazeeka nalo.

Msimamizi mwandikie kabla ya Ijumaa, nusu ukurasa. Mweleze kisa cha duka la dawa kama ulivyonieleza mimi, na jinsi BLEU isivyolijua kosa. Umwambie unataka kuacha programu ya simu, na tasnifu iwe juu ya uso na mwelekeo wa vitenzi kutoka ishara kwenda Kiswahili, data ndogo, ridhaa mpya, wakaguzi viziwi. Akiwa mtafiti, atauliza maswali. Akiuliza tarehe ya kumaliza tu, niandikie tena.

Na video ghafi, weka nakala mbili kwenye diski zilizofungwa kwa nywila. Moja ukae nayo wewe. Nyingine iachie kwa mzee wa ukumbi, na nywila ya hiyo achague yeye.